Kituo cha afya cha Columbia Point, Boston: kazi iliyozaa matunda na mlipaji aliyekosekana

Desemba 1965, katika mtaa wa nyumba za umma wa Columbia Point jijini Boston, kilifunguliwa kituo cha afya ambacho watu wa afya ya jamii Marekani hukihesabu kuwa cha kwanza mjini kwa aina yake. Fedha zilitoka serikali kuu, usimamizi ulikuwa wa chuo kikuu cha Tufts, na wagonjwa walikuwa wakazi wa ghorofa za jirani. Leo Marekani ina mashirika karibu 1,400 yanayoendesha vituo vya namna hiyo, yakihudumia watu zaidi ya milioni 30 kwa mwaka.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha madaktari wawili majasiri. Walikuwepo, na majina yao tutayataja. Lakini tiba waliyoitoa pale ilikuwa ya kawaida: chanjo, dawa za masikio, kupima presha, kliniki ya wajawazito. Kilichokuwa kipya ni kazi zilizoizunguka tiba, na hizo ndizo zilizokuja kusumbua kila aliyeshika mfuko.

Mahali penyewe

Columbia Point ni rasi iliyojichomoza kwenye ghuba ya Dorchester, kusini mwa katikati ya jiji. Kwa muda mrefu jiji lilipeleka huko vitu ambavyo halikutaka kuviona: mtambo wa kusukuma majitaka tangu miaka ya 1880, kisha majaa ya taka, kisha kambi ya wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1954 mamlaka ya nyumba ya jiji ilifungua pale majengo 27, mengine ya ghorofa tatu, mengine saba, yenye makazi 1,504. Ulikuwa mradi mkubwa kuliko yote ya nyumba za umma katika eneo zima la New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 waliishi humo watu wapatao 6,000, sehemu kubwa watoto.

Jaa halikuhama watu walipohamia. Malori ya taka yalipita kando ya ghorofa kutwa. Mwaka 1962 mtoto wa kike aligongwa na lori akafa, na akina mama wakaingia barabarani wakaziba njia kwa miili yao mpaka jaa likafungwa. Tukio hili watu hulipita haraka wanaposimulia habari za kituo, nasi tunadhani wanakosea. Miaka mitatu kabla ya daktari yeyote kufika na mpango wake, mtaa ulikuwa tayari na watu wanaojuana, waliowahi kuibana serikali ya jiji na kushinda. Chuo kikuu hakikuikuta jamii tupu inayosubiri kuhamasishwa.

Barabara kuu ya mwendo kasi iliyofunguliwa mwaka 1959 ilikuwa imeitenga rasi na eneo la Dorchester. Boston wakati ule ilikuwa na vyuo vitatu vya udaktari na hospitali zinazojulikana duniani, lakini kwenye rasi yenyewe hakukuwa na daktari mwenye chumba cha kutibia. Hospitali ya jiji ilitaka basi na kubadili gari njiani.

Fanya hesabu ya mama mwenye watoto wanne, mmoja anaharisha. Wote wanne lazima waende, kwa kuwa hakuna wa kuwaachia. Nauli ya kwenda na kurudi, saa kadhaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kisha daktari ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo na huenda asimwone tena. Kliniki za hospitali za enzi zile ziligawanywa kwa viungo na umri: masikio siku yake, ngozi siku yake, wajawazito siku yao. Mama mwenye akili timamu anasubiri kwanza aone kama ugonjwa utapoa wenyewe. Usipopoa, anakwenda chumba cha dharura usiku, na kwa kuwa mtoto sasa amepungukiwa maji mwilini, analazwa. Ulazwaji huo unaonekana kwenye vitabu vya hospitali kama tatizo la tiba, ilhali ulianzia kwenye nauli.

Wazo lilitoka Natal

H. Jack Geiger, mmoja wa madaktari wale wawili, alikwenda Afrika Kusini mwaka 1957 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Alifanya kazi Pholela, kijijini Natal, ambako Sidney na Emily Kark walikuwa wameanzisha kituo cha afya mwaka 1940. Alikaa pia Lamontville, mtaa wa nyumba za Waafrika pembezoni mwa Durban, uliokuwa na kituo kilichofuata mtindo uleule.

Akina Kark walianza kwa kuhesabu. Badala ya kungoja wagonjwa waje, walichora mpaka wa eneo, wakapita kaya kwa kaya, wakaandika nani anaishi humo, wanakula nini, maji yanatoka wapi, nani amezaliwa na nani amekufa. Eneo la mwanzo lilikuwa dogo, likapanuliwa kadiri nguvu zilivyoruhusu. Wasaidizi wa afya waliofundishwa kwa kazi hiyo ndio waliorudi majumbani kila mara. Takwimu zilipoonyesha utapiamlo, kituo kilihimiza bustani za mboga pamoja na kutibu. Zilipoonyesha magonjwa ya uchafu, vikachimbwa vyoo.

Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imependekezewa na Tume ya Gluckman, katika miaka ya 1940, mtandao wa vituo 400 vya namna hiyo. Vilijengwa kama 40, kisha siasa ya ubaguzi ikavinyima pumzi, na akina Kark wakaondoka nchini mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo mtindo uliofika Boston ulikuwa umeshakufa kwao kwa kukosa serikali ya kuulipia. Msomaji aliweke hilo akilini.

Mwaka 1964 Geiger alikuwa Mississippi na madaktari waliokwenda kuwasaidia wapigania haki za kiraia. Alichokiona vijijini kwa Wamarekani weusi kilimkumbusha Pholela. Yeye na daktari wa pili, Count Gibson, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya kinga katika chuo cha udaktari cha Tufts, wakaandika pendekezo moja lenye miguu miwili: kituo cha mjini kaskazini na kituo cha kijijini kusini. Columbia Point ukawa mguu wa kwanza. Wa pili, Mound Bayou huko Mississippi, ulianza kazi mwaka 1967.

Kwa nini fedha zilipitia chuo kikuu

Sheria ya vita dhidi ya umaskini ilisainiwa na Rais Lyndon Johnson Agosti 1964, ikaunda ofisi mpya ya fursa za kiuchumi, iliyojulikana kwa herufi OEO, chini ya Sargent Shriver. Sheria yenyewe haikutaja vituo vya afya. Ofisi ilikuwa na fungu la kufanyia majaribio na uhuru mpana wa kulitumia. Geiger alikuwa akisimulia kwamba aliomba dola 30,000 za kufanyia upembuzi, akajibiwa achukue 300,000 aanze kazi. Ruzuku ilitoka katikati ya mwaka 1965.

Njia ya fedha ina kipengele ambacho wapangaji wa miradi wanapaswa kukisoma kwa makini. Magavana wa majimbo walikuwa na haki ya kuzuia ruzuku za OEO zinazoingia kwao. Ruzuku kwa vyuo vya elimu ya juu haikuguswa na kizuizi hicho. Boston hilo halikuwa na uzito sana. Mississippi lilikuwa suala la uhai. Pendekezo likiwa moja, chuo kikawa mwavuli wa vituo vyote viwili.

Mwavuli huo ulikuwa na gharama yake. Chuo ndicho kilichosaini mkataba, kikaajiri, kikatunza hesabu. Daktari, muuguzi na karani wa mapokezi wote walikuwa na mwajiri aliye nje ya rasi. Hapo ndipo mvutano wa baadaye ulipoota mizizi.

Kazi ilivyopangwa

Kituo kiliwekwa ndani ya jengo la makazi lililokarabatiwa, katikati ya ghorofa zenyewe. Mgonjwa alifika kwa miguu, na mama aliweza kumwachia jirani watoto kwa nusu saa. Saa za kazi zilivuka saa za ofisi, na usiku kulikuwa na daktari wa zamu wa kupigiwa. Anayetaka kuiga aanze hapa kabla ya kununua mashine yoyote, maana kituo kinachofungwa saa tisa alasiri katika mtaa wa watu wanaofanya kazi kutwa kimeshawapeleka wagonjwa wake chumba cha dharura.

Huduma zilikusanywa chini ya paa moja: daktari wa watu wazima, daktari wa watoto, wauguzi, maabara, dawa, ustawi wa jamii. Kisha zikagawanywa kwa timu, na timu ikapewa familia. Daktari hakuwa na foleni ya wagonjwa wasio na uhusiano, alikuwa na kaya. Muuguzi wa afya ya jamii aliyemtembelea bibi mwenye kisukari alijua kwamba mjukuu wa nyumba hiyohiyo ana pumu, na aliweza kuona ukungu ukutani unaoeleza kwa nini dawa ya pumu haisaidii.

Wakazi wa mtaa waliajiriwa na kufundishwa kuwa wahudumu wa afya. Wasomaji wa Tanzania wawafikirie WAJA (wahudumu wa afya ya jamii), na wa Kenya wahamasishaji wa afya ya jamii. Kazi yao ilikuwa kugonga milango, kufuatilia aliyekosa kliniki, kumweleza daktari kwa nini fulani hamezi dawa, kumweleza fulani daktari alikuwa na maana gani. Ilikuwa pia ajira, na katika mtaa ule mshahara wenyewe ulikuwa hatua ya afya.

Mpangilio wa timu una matatizo yake, nasi tunayaorodhesha kwa kuwa yanajirudia popote unapojaribiwa. Timu inakula muda: kikao cha kujadili familia kumi kinachukua mchana ambao daktari angeona wagonjwa ishirini, na mkaguzi anayehesabu vichwa ataona uzembe. Daktari aliyelelewa hospitalini huona muuguzi akitoa maoni ya tiba kama mtu aliyevuka mpaka. Mhudumu anayeishi jengo moja na mgonjwa ana siri nyingi mno mikononi, na asipofundishwa mapema nini kinaandikwa kwenye faili na nini kinabaki kooni, uvumi mmoja unatosha kufunga milango ya ghorofa nzima. Na wagonjwa waliozoea kwenda hospitali wakiwa hoi hawageuki kuwa watu wa miadi kwa tangazo la ukutani. Miezi ya mwanzo ya kituo chochote cha namna hii hujaa wanaoingia bila miadi, na anayewarudisha ili kulinda ratiba anawapoteza.

Vitanda vilivyobaki vitupu

Mwaka 1969 Geiger, Gibson na mwenzao mmoja walichapisha katika jarida la tiba la New England uchunguzi wa familia za Columbia Point: walikuwa wakilazwa mara ngapi kabla ya kituo, na mara ngapi baada yake. Ulazwaji ulishuka sana, na siku za kulala wodini pia.

Mantiki yake si ngumu. Mtoto anayeharisha akionwa siku ya kwanza anapewa maji na chumvi, mama anafundishwa, muuguzi anapita kesho yake. Nimonia iliyoshikwa mapema inatibiwa nyumbani. Pia kuna ulazwaji ambao wodini kila mtu anaujua ingawa hauandikwi: mgonjwa analazwa kwa kuwa anaishi mbali na daktari hana uhakika kama ataweza kurudi. Kituo cha jirani kinaondoa sababu hiyo bila hata kidonge.

Hata hivyo tungesoma matokeo hayo kwa tahadhari. Walioyapima ndio walioendesha kituo. Yalilinganisha kabla na baada, na katika miaka hiyohiyo mambo mengine yalibadilika, ikiwemo bima ya serikali kwa wazee na kwa maskini iliyotungiwa sheria Julai 1965. Mwelekeo tunauamini; kiasi chake tusingekipeleka bungeni peke yake.

Bungeni kituo kilifika kwa njia nyingine. Agosti 1966 Seneta Edward Kennedy alitembelea kituo, na mwaka huohuo akasukuma marekebisho ya sheria yaliyotenga dola milioni 51 kwa vituo vya mitaa ya maskini. Jaribio likawa programu ya nchi. Pamoja na fedha likaja sharti: marekebisho ya mwaka 1967 yalibana huduma ya bure iwe kwa wenye kipato cha chini tu. Kwenye mtaa wa nyumba za umma sharti hilo halikuuma sana, lakini liliweka alama: kituo ni cha maskini, na jirani mwenye kazi nzuri kidogo abaki nje.

Nani anaamua

Sheria ya 1964 ilitaka maskini washirikishwe kwa kiwango kikubwa kadiri inavyowezekana. Maneno hayo ni matamu na hayapimiki. Miongozo ya OEO kwa vituo ilijaribu kuyatia namba: ama baraza la ushauri ambalo nusu ya wajumbe wake ni wahudumiwa, ama bodi yenye maamuzi ambayo angalau theluthi ni wao. Tazama ujanja uliomo. Mnapokuwa wengi mnashauri. Mnapoamua mnakuwa wachache.

Columbia Point iliundwa jumuiya ya afya ya wakazi. Walikuwa wale wale wa mtaa uliofunga barabara ya malori, hivyo hawakukaa vikaoni kunywa chai. Walitaka sauti katika ajira, saa za kazi, na tabia ya watumishi kwa wagonjwa. Chuo kilikuwa na sahihi kwenye mkataba. Wajumbe wa kamati za vituo vyetu vya afya wanaujua ubishi huu: kamati inaulizwa maoni kuhusu rangi ya ukuta, halafu inasikia kwa majirani kwamba mganga mfawidhi amehamishwa.

Suluhisho la kisheria lilichelewa miaka kumi. Mwaka 1975 Bunge la Marekani, likipindua kura ya turufu ya Rais Ford, lilitunga kifungu kilichovipa vituo hivi hadhi yao wenyewe, na humo likaandika kwamba zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi lazima wawe watu wanaotibiwa kituoni. Bodi hiyo ndiyo inayopitisha bajeti na kumwajiri mkurugenzi. Sharti hilo lipo hadi sasa, na kituo kisicholitimiza kinahatarisha ruzuku yake. Kwa maoni yetu hiki ndicho kifungu chenye meno kuliko vyote vilivyotokana na kisa hiki.

Mlipaji

OEO ilivunjwavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vituo vikahamia wizara ya afya. Serikali ya Nixon ilitaka vijitegemee kwa kudai malipo kwenye bima. Kwa mtu wa hesabu lilionekana jambo la busara: wagonjwa wengi wana Medicaid, ile bima ya serikali kwa maskini, basi Medicaid ilipe.

Tatizo ni kile ambacho bima inakiona. Inaona ziara: mgonjwa mmoja, daktari mmoja, siku moja, kipengele kimoja kwenye orodha ya bei. Haioni mhudumu aliyegonga mlango mara tatu ndipo mgonjwa akafika. Haioni kikao cha timu wala barua kwa mamlaka ya nyumba kuhusu bomba linalovuja. Kituo kinachoishi kwa madai ya bima pekee kitapunguza kwanza watu hao, maana hawaingizi hata senti, na kitabaki na chumba cha daktari chenye foleni. Kwa jina bado ni kituo cha jamii.

Mound Bayou jambo hili lilijitokeza wazi kuliko Boston. Madaktari waliandika chakula kwenye cheti cha dawa kwa watoto wenye utapiamlo, maduka yakatoa chakula, na ankara zikalipwa kwa fungu la dawa. Wakubwa walipolalamika, Geiger alijibu kwamba kwa mujibu wa vitabu vya tiba anavyovijua, dawa ya utapiamlo ni chakula. Jibu lilikuwa zuri, nalo liliwezekana kwa sababu fedha zilikuwa ruzuku isiyofungwa kwenye ziara. Hakuna mkaguzi wa bima ambaye angelipitisha.

Mwaka 1989 sheria nyingine iliitaka Medicaid ivilipe vituo hivi kulingana na gharama halisi za kuendesha, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 malipo yakawa kiwango maalumu kwa kila ziara, cha kila kituo. Hilo liliviokoa vingi. Kipimo kikabaki kilekile: ziara.

Mtaa ukaondoka, kituo kikabaki

Wakati sheria zinatengenezwa Washington, Columbia Point yenyewe ilikuwa inaporomoka. Mamlaka ya nyumba ilishindwa kukarabati, wenye uwezo wakahama, nyumba zikazibwa madirisha. Chuo Kikuu cha Massachusetts kilifungua kampasi kwenye rasi mwaka 1974, na maktaba ya kumbukumbu ya Rais Kennedy ikafuata mwaka 1979, yote mawili kwa kutembea tu kutoka kwenye ghorofa hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika makazi 1,504 zilibaki familia kama 350.

Kituo hakikuweza kuzuia hilo, wala hakikuwa na chombo cha kulizuia. Kinaweza kuandika kwamba pumu inatokana na unyevu. Hakina fundi wala bajeti ya paa. Lakini wakazi waliobaki walijipanga, wakadai kuwa upande mmoja wa mkataba wa ujenzi mpya, na wakapata. Mtaa ulijengwa upya na mwekezaji binafsi kwa ubia na wakazi, ukaitwa Harbor Point, makazi 1,283, ambapo 400 yalitengwa kwa wenye kipato cha chini na mengine yakapangishwa kwa bei ya soko.

Hesabu ya kituo ikageuka. Wagonjwa kilichowajua kwa majengo walikuwa wametawanyika Dorchester yote. Waliobaki na waliokuja walihitaji huduma tofauti. Kituo kikabadili mpaka wake wa kazi, kikapokea wagonjwa wa mitaa ya jirani, na baadaye kikawa chini ya shirika moja na kituo cha Neponset, liitwalo Harbor Health Services. Chenyewe sasa kinaitwa Geiger Gibson, na bado kipo kwenye rasi, barabara ya Mount Vernon. Gibson alifariki mwaka 2002, Geiger Desemba 2020.

Mhudumu anayepanda ngazi kugonga mlango wa mgonjwa aliyekosa kliniki yupo katika vituo vingi vya Marekani hadi leo. Kwa kawaida mlango huo haumo kwenye orodha ya ziara zinazolipwa, na mshahara wake hutafutwa kila mwaka kwenye ruzuku.